Konveya imenunuliwa, makuli wameisusa: ushauri wangu

Juzi msomaji mmoja wa Mwanza kaniandikia. Bosi wake kanunua konveya ya kuvuta na kukunja, yaani njia ya roli ambayo maboksi yanateleza juu yake, ile yenye magurudumu miguuni, lakini makuli hawaitaki, iko pembeni inakula vumbi. Imeniuma, maana mimi niliililia.

Nasimamia ghala Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Zamani kontena la futi 40 likifika, kijana anaingia mpaka mwisho, karibu mita 12, anabeba boksi begani, anatoka, anashuka ubao, anarudi tena. Nilipoomba konveya niliambiwa vijana wana nguvu, mashine ya nini. Neno lile halijanitoka. Leo kontena linaloingia asubuhi, adhuhuri haijafika limeshaondoka tupu, na najivunia.

Mdogo wangu, konveya inafuta kutembea. Kuinua kunabaki palepale. Ingiza kichwa chake ndani ya kontena, na kila safu ya maboksi ikiisha, ivute mbele. Maghala yetu mengi hayana jukwaa la kupakulia, sakafu ya trela iko juu kuliko yetu, kwa hiyo mteremko unao bure. Kupakia ni habari nyingine, maana mzigo haupandi wenyewe; hapo inatakiwa yenye mota.

Ila usiivute kupita kiasi. Boksi lazima lilalie roli tatu kwa wakati mmoja. Ukiivuta mpaka mwisho mianya inapanuka, kiboksi cha sabuni kinatumbukiza pua, yanayofuata yanakigonga, foleni inarudi mpaka ndani ya kontena. Funga breki za magurudumu. Magunia ya sukari ya kilo 50 usiyapitishe humo, yanazama kati ya roli, yanataka konveya ya mkanda.

Lakini kususa kwao nadhani kunatokana na malipo. Makuli wanalipwa kwa kontena. Kwetu kazi ilipokuwa nyepesi, wakubwa wakataka kukata bei. Nilikataa katakata, na bei ikabaki ileile. Muulize bosi wako alitamka nini siku mashine inashushwa. Enyi wasimamizi, mtu halipwi kwa wingi wa jasho, analipwa kwa kontena lililoisha! Ukitaka mgongo wa kijana upone, usimpunguzie chakula cha watoto kwa sababu mgongo umepona.

Wakikubali, anza na kontena la maboksi makubwa, na uweke watu wawili wa kupanga paleti huku chini, kwa sababu foleni itahamia hapo.