Vipande vya Monasteri Nyeupe: vinalinganishwaje?

Swali lako: wataalamu wanajuaje kipande kilichoko Paris na kingine cha Vienna ni vya kitabu kimoja cha kale cha Monasteri Nyeupe, nyumba ya watawa karibu na Sohag, Misri, ambayo vitabu vyake vimetawanyika katika maktaba nyingi?

Huanza na namba za kurasa, zilizoandikwa juu kwa herufi za Kikopti, lugha ya kale ya Wakristo wa Misri. Zikiwa zimekatika (na mara nyingi zimekatika), wanapima urefu na upana wa safu za maandishi, wanahesabu mistari, kisha wanaitazama ngozi yenyewe, maana kurasa ni za ngozi ya mnyama. Upande wa manyoya huwa na umanjano na vitundu vya vinyweleo. Wa nyama ni mweupe zaidi. Kwa kawaida kurasa zinazotazamana ni za aina moja, hivyo manyoya yakikabiliana na nyama, shuku kuna jani limepotea katikati.

Mwandiko peke yake hautoshi, na hapo ndipo wengi huchemka: mwandishi mmoja alinakili vitabu kadhaa. Sentensi ikikatika Paris na kuendelea Vienna, basi, ubishi umekwisha.

Tito Orlandi, mtaalamu wa Kikopti kutoka Italia, aliviwekea vitabu hivi alama zinazoanza na MONB. Tafuta kwa alama hiyo, maana kitabu kimoja kina namba tofauti kila maktaba.