Wingi wa Kiingereza: achana na geese, hangaika na haya

Nafundisha Kiingereza jioni, na vijana wengi huniletea barua zao za maombi ya kazi nizipitie kabla hawajazituma. Makosa ya umoja na wingi hayakosekani humo, ila si yale tuliyokaririshwa shuleni. Sijakuta barua iliyoharibiwa na goose na geese, wala ox na oxen. Mhasibu ataandika lini habari za bata bukini? Kinachowaponza ni informations, equipments, furnitures, advices na luggages.

Maneno hayo hayachukui s kabisa. Sisi tunasema taarifa hizi, vifaa hivi, samani hizi, basi mkono unateleza wenyewe. Kiingereza kinayaona kama unga: huwezi kuuhesabu mpaka uupime kwa kitu. Kwa hiyo andika the information is correct, hata kama ni kurasa hamsini, na ukitaka idadi sema two pieces of luggage, a piece of advice. Haya yaandike nyuma ya daftari uyasome mara kwa mara. Ndiyo yanayowakera waajiri.

Kuna ya kinyume chake. Trousers, scissors na glasses (za maana ya miwani) ni wingi siku zote, japo suruali ni moja. My trouser is torn utaisikia Afrika Mashariki nzima na tunaelewana vizuri tu, lakini kwenye mtihani utakatwa maksi. News ina s na bado ni umoja: the news is good. Police haina s, na ni wingi: the police are here.

Halafu kitenzi. Mswahili amezoea upatanisho unaotembea sentensi nzima, vitabu vyangu vizuri vimepotea, kwa hiyo huandika the boys runs bila wasiwasi. Katika wakati uliopo, s ikishakaa kwenye nomino ya wingi, iondoe kwenye kitenzi: the boy runs, the boys run. Children nayo ni wingi tayari, hivyo children run. Usiiongezee s, tafadhali.

Tahajia haina makuu. Baby huwa babies kwa kuwa y imetanguliwa na konsonanti. Boy hubaki boys. Knife huwa knives lakini roof ni roofs, na hapo sina ujanja wa kukupa. Women tamka "wimin", maana wengi huandika sawa wakasoma vibaya.

Ukikwama, fungua kamusi ya wanafunzi. Nyingi huweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Hair ina zote mbili: nywele za kichwani ni my hair is long, ila ukizikuta mbili kwenye mchuzi hotelini, hizo ni two hairs, na mwite mhudumu.