Shangazi, naona maisha yangu yanaenda bure

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 34, kazi yangu ni ile ile ya kujaza mafomu ofisini, mwaka wa 9 huu. Sina mke sina mtoto, niliosoma nao wote wameshafika mbali. Usiku silali, napiga hesabu ya miaka niliyopoteza. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu (ndefu kweli, hapo juu nimeifupisha) na kuna kitu nimekiona, umenitajia rafiki aliyejenga, rafiki aliyeoa, sijui yule aliyepandishwa cheo, ila wewe mwenyewe unataka nini hujaandika popote, hata mstari mmoja. Sasa umechelewa kufika wapi? Labda hata hiyo nyumba ya mwenzio ukipewa leo utakaa humo sebuleni unawaza hayo hayo.

Halafu hizo hesabu za saa nane usiku usiziamini. Kichwa kilichochoka kinajua kutoa tu, kujumlisha hakijui. Mbona katikati ya barua umesema, tena juu juu tu, kwamba miaka 4 kati ya hiyo 9 ulikuwa unamuuguza mama yako mpaka akasimama tena? Na hiyo nayo umeiweka kwenye iliyopotea?! Kamuulize mama.

Sisemi huna sababu ya kuumia. Kazi imekuchosha na sitakwambia eti shukuru tu uendelee. Lakini usikae kusubiri mzuka uje ndo uanze kitu, mtu akiwa kwenye hali kama yako mara nyingi hamu inakuja akishaanza, sio kabla. Umegusia zamani ulikuwa unatengeneza redio mbovu, basi Jumamosi hii tafuta moja uifungue, nusu saa inatosha, hata isipopona. Simu iache chumba kingine maana ukiishika tu najua utaishia kwenye picha za harusi za watu.

Ila kama kukosa usingizi na kutofurahia chochote kunakuandama karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, kamuone daktari, inaweza kuwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) na sonona inatibika. Na kama mawazo ya kujidhuru yameanza kukujia usihesabu wiki, nenda leo leo, na mtu wa nyumbani umwambie.

Ukishaifungua hiyo redio niandikie tena, na safari hii usinitajie rafiki hata mmoja.