Sikiliza Albamu Nzima, Kutoka Kondele Hadi Kakamega

Santuri hiyo niliipata soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili, chini ya rundo la kanda kuukuu za kwaya. Gramafoni sikuwa nayo, na sina hadi leo. Nilichonunua ni picha ya jalada: mwanamke mwenye nywele za mawimbi ameketi kando ya dirisha, amevaa jinzi, miguu mitupu, paka mbele yake, na mikononi ameshika kazi ya nyuzi. Mimi hufuma vitambaa vya makochi. Mtu aliyezoea uzi namtambua nikimwona.

Mwanamke huyo ni Carole King, na albamu inaitwa Tapestry, yaani kitambaa kizito chenye picha iliyotokezwa kwa nyuzi za rangi. Ilitoka Marekani mwezi wa Februari 1971. Kile alichoshika jaladani alikishona mwenyewe.

Nyumbani niliitafuta kwenye simu, na hapo ndipo nilipokaribia kumkosa kabisa. Programu niliyotumia ilikuwa ya bure, nayo ilivuruga mpangilio: wimbo wa katikati ukaja mwanzo, tangazo likafuata, halafu mtu mwingine akaanza kuimba. Nilizima. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: ipakue albamu yote mahali penye waifai, zima ile alama ya kuchanganya nyimbo, na uisikilize kama msanii alivyoipanga. Ni nyimbo 12, dakika 44 hivi. Safari ya Kisumu hadi Kakamega inaitosha na kubaki. Panda matatu ya alfajiri, kabla dereva hajafungulia muziki wake.

Safari ya kwanza, acha maneno. Fuata sauti tu. Wimbo wa kwanza unaanza kwa piano inayogongwa kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyeji wapo. Mimi nililelewa kwa benga, na masikio yangu yalikuwa yakisubiri gitaa lipande, waimbaji wanyamaze, watu wainuke. Hapa gitaa halipandi hivyo. Usukani umeshikwa na piano, na piano ni yake mwenyewe. Ukishalijua hilo hutasubiri kitu kisichokuja. Ila kwenye It's Too Late, wimbo wa tatu, sikiliza pale katikati anaponyamaza: gitaa la Danny Kortchmar linasema lake, kisha saksafoni inalipokea taratibu. Mpenzi wa benga atajisikia nyumbani hapo.

Safari ya pili, shika maneno. Kiingereza chake ni chepesi, cha mtu anayezungumza jikoni. Maneno ya It's Too Late yaliandikwa na Toni Stern, na kinachonigusa ni kwamba mapenzi yamekwisha lakini hakuna anayetukanwa. Nimesikia nyimbo nyingi za kuachana, na nyingi humtafuta mkosaji. Huu unakaa na huzuni yenyewe.

Kisha jifunze kidogo habari za mwimbaji, kwa sababu zitakufungua masikio. Carole King alitangulia kuwatungia wengine kwa miaka mingi. Alikuwa na umri wa miaka 18 tu kundi la wasichana, The Shirelles, liliporekodi Will You Love Me Tomorrow mwaka 1960. Muziki alitunga yeye, maneno yakiwa ya Gerry Goffin, mumewe wa wakati huo. Miaka kumi na kitu baadaye akauimba mwenyewe kwenye albamu hii, polepole, James Taylor na Joni Mitchell wakimwitikia. Swali lilelile la msichana, kama atapendwa bado kesho, sasa linaulizwa na mwanamke aliyekwisha kuziona hizo kesho. Tafuta rekodi zote mbili, ya The Shirelles na yake, uzisikilize moja baada ya nyingine. Kwangu mimi hapo ndipo albamu yote ilipofunguka.

Mwaka 1972 ilishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Sawa, lakini usiisikilize kwa ajili ya tuzo.

Safari ya tatu, chagua ala moja uiandame. Kwenye So Far Away ngojea filimbi mwishoni. Ikinifikia matatu inapanda kuelekea Kiboswa na ziwa limebaki chini nyuma yetu, huwa nageuka kulitazama. Na wimbo wa kufunga, ambao Aretha Franklin alikuwa ameuimba mwaka 1967 kwa vishindo, hapa umeachiwa piano na besi peke yake. Usikimbilie kushuka.

Jalada nimelitundika sebuleni, kando ya vitambaa. Mama alipokuja kutoka Mbale alilikaribia, akavaa miwani, akaitazama mikono tu.

"Huyu anajua kushona," akasema. "Na huimba nini?"

Nikamwekea You've Got a Friend. Kiingereza chake si kingi, kwa hiyo nikawa namfasiria mstari kwa mstari: ukiwa na shida niite, popote nilipo nitakuja. Wimbo ulipokwisha alikuwa bado ameshika kitambaa changu kimoja, akikipitisha vidoleni.

"Rudisha mwanzo, mwanangu. Na sasa usiseme kitu."