Re: Aliyegundua nailoni alikuwa profesa au mtu wa kiwandani?

Mkuu umeuliza kama aliyegundua nailoni alikuwa profesa au mtu wa kiwandani, jamaa alipita kote kuwili, chuoni na kiwandani, ila cheo cha profesa hakuwa nacho. Wallace Carothers alikuwa anafundisha kemia Harvard, DuPont, kampuni kubwa ya kemikali ya Marekani, wakamchukua 1928 akaongoze utafiti kwenye maabara yao kule Wilmington, Delaware. Sasa utamu uko hapa, 1930 mwenzake Julian Hill alichovya kijiti cha kioo kwenye poliesta (aina ya plastiki ya maabara) iliyoyeyuka, akavuta, ukatoka uzi, wakaona ukiuvuta tena ukiwa umeshapoa unazidi kuwa imara na unang'aa kama hariri, basi siku bosi wao Carothers hayupo wakawa wanakimbia nao koridoni kuona utafika wapi! Shida ni kwamba uzi ule ulikuwa unayeyuka kwa joto dogo tu, nguo gani hiyo hata pasi haiiwezi. Ndo wakahamia poliamidi, aina nyingine ya plastiki ambayo nailoni ni mojawapo, na Februari 1935 nailoni ikapatikana. Kinachoniuma mimi ni kwamba Carothers aliteswa sana na sonona, akajitoa uhai Aprili 1937, na nailoni yenyewe ilitangazwa Oktoba 1938, soksi za kina mama zikaingia madukani Marekani nzima Mei 1940.