Usinunue toki konveta kabla hujaijua difu yako

Karibu kila anayefufua pikapu ya zamani huniuliza swali moja: "Kaka, nichukue toki konveta ya ngapi, 2,500 au 3,000?" Konveta ni kile kiunganishi cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, na namba hizo ni za mizunguko ya injini kwa dakika. Nami humuuliza difu yake ni ya ngapi, yaani shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara ngapi tairi za nyuma zikizunguka mara moja. Hajui. Kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, je? "Aliyeniuzia injini alisema ni kali." Basi dukani tusiende kwanza.

Yangu ni Chevrolet C10 ya 1972, V8 ya inchi za ujazo 350, niliyoifanyia oveholi hapa Texas ninakoishi. Giaboksi ni Turbo-Hydramatic 350, gia tatu, haina ovadraivu, yaani gia ya juu ya kupunguza mizunguko ya injini barabarani. Nitaongelea gari hilo kwa kuwa ndilo ninalolijua, ila mwenye Ford au Dodge atapiga hesabu hizohizo.

Ndani ya konveta, injini inazungusha upande mmoja, mafuta yanarushwa kwenye mapanga ya upande wa pili, na mapanga hayo ndiyo yanayozungusha shafti ya giaboksi. Namba ya stoli ni mizunguko ambayo injini itafikia endapo upande huo wa pili umezuiwa kabisa. Konveta ya kiwandani kwa gari kama hili huwa kwenye 1,600 hadi 1,800 kwa dakika. Namba iliyoandikwa kwenye boksi nayo haikai palepale: injini yenye nguvu huipandisha, dhaifu huishusha. Kwa hiyo konveta inayofika 2,400 kwa jamaa mwenye injini kubwa inaweza kuishia 2,000 kwako, na aliyekuuzia hajakudanganya.

Sasa chukua kalamu. Zidisha mwendo wa maili kwa saa kwa namba ya difu, zidisha kwa 336, kisha gawa kwa kimo cha tairi kwa inchi. Difu yangu ni 3.73, tairi ni inchi 28. Nikienda maili 65, injini inazunguka kama 2,900. Ningekuwa na difu ya 3.07 ingekuwa kama 2,400. Ukifunga konveta ya 3,000 kwenye difu hiyo ya pili, safari nzima injini iko chini ya stoli, na ukianza kupanda kilima na mzigo nyuma, konveta inateleza na mafuta ya gia yanaungua. Mwenye gari la kushindana anaweza kulivumilia hilo. Mwenye pikapu ya kubebea mbao, hapana.

Lakini konveta ya chini sana nayo ina adhabu yake, na anayeileta ni kamshafti. Umesimama kwenye taa, gia iko D, kamshafti ni kali. Injini inashuka, inagongagonga, gari linakusukuma mbele huku umekandamiza breki, halafu linazima. Watu hukimbilia kuongeza petroli kwenye kabureta, kumbe injini inaomba konveta iliyolegea kidogo. Kamshafti inayoiweka valvu wazi kwa nyuzi 204 hadi 214 za mzunguko wa injini, kwa kipimo cha inchi 0.050 (namba hizi zimo kwenye karatasi yake), inaelewana na konveta ya kiwandani au iliyozidi kidogo. Ikikaribia 224, anza kufikiria 2,000 hadi 2,500. Karatasi ya kamshafti usiitupe.

Mimi, kwa kamshafti ya 214, difu ya 3.73 na trela la mara mojamoja, nilichukua ya 2,000, na sijaijutia. Kwenye maegesho ya wapenzi wa magari ya zamani hakuna anayenisifia namba hiyo, na sawa tu.

Ukiwa na mpango wa kuhamia 700R4, giaboksi iliyoanza 1982, mambo yanabadilika. Gia yake ya kwanza ni 3.06 dhidi ya 2.52 ya yangu, hivyo kasi ya kuondokea unaipata kwenye gia, huna haja ya stoli kubwa. Ovadraivu ya 0.70 ingeshusha ile 2,900 yangu hadi kama 2,000, na konveta yake ina klachi ya ndani inayozuia kuteleza ukishashika mwendo. Klachi hiyo inataka kuunganishiwa nyaya, kazi ambayo wengi huiruka. Angalia pia meno ya shafti: za mwanzo zina 27, za baadaye 30, na konveta za aina hizi mbili haziingiliani.

Wakati wa kufunga, mimina mafuta ya gia kidogo ndani ya konveta kwanza. Isukume huku unaizungusha kwa mikono miwili. Utaisikia ikizama, ikikwama, ikizama tena. Usiridhike na mzamo wa kwanza. Giaboksi ikishakaa sawa kwenye injini, konveta izunguke kwa mkono na ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati yake na flaiwili. Kama hakuna nafasi, usivute kwa bolti, utavunja pampu. Rudi nyuma uanze upya.

Kula, yaani kipozeo cha mafuta ya gia, usiirudishe ile ya zamani kama giaboksi ilikuwa imeungua, kwani vyuma vilivyobaki ndani vitaingia kwenye konveta mpya. Funga nyingine mbele ya rejeta. Kisha pima mafuta injini ikiwa inawaka, imepata moto, gia ikiwa P.