Acha hiyo keki! Bangkok usimpongeze mtu kwa ndoa mbele ya mama yake

Mdogo wangu simama hapo hapo. Unasema umepata kazi ya kufundisha Bangkok, mwalimu mwenzako Mthai kakualika kwao Jumapili, unajua kabisa yule "rafiki" anayekaa naye ni mpenzi wake, na kwa vile ndoa za jinsia moja sasa ni halali kule unataka uingie na keki yenye majina yao mawili uwape hongera mbele ya wazazi. Halafu ukamalizia kwa kuuliza kodi ya chumba, viza, na unga wa ugali unapatikana wapi. Hayo mengine yatasubiri. Keki usipeleke. Nakuomba sana usipeleke.

Na nyie mliomjibu hapo juu kwamba "Thailand hawana noma, kule kila mtu yuko huru" mnampoteza mtoto wa watu. Maneno hayo hayo niliuziwa na ajenti aliyeniunganishia kazi ya kufundisha hesabu kule, jamaa alishapokea ada yake akatutumia voisi ndefu kwenye grupu, eti Wathai hawana unafiki, eti mtu akiwa shoga kule hakuna anayegeuka kumwangalia, ukitaka wakupende ongea wazi kila kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba Thailand anayoijua yeye ni Pattaya, mji wa starehe wa pwani, na vile vichochoro vya Silom, soi 2 na soi 4, baa zimejaa watalii na muziki, akachukua alichokiona saa tano usiku akatufundisha kuwa ndiyo nchi yenyewe. Ni sawa na mtu ashushwe Kariakoo mchana mmoja halafu arudi kwao atangaze kwamba Watanzania wote ni wapiga debe. Anakula hela za watu na hajawahi kukaa sebuleni kwa familia hata moja ya Kithai! Mpaka leo nikiona jina lake kwenye simu nasonya.

Sasa sikiliza. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa shule niliyofundisha, nitamwita Golf, jina lake silo ila majina ya hivyo ndiyo wanaitana kila siku. Kwao ni Wathai wenye asili ya Kichina, wana biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi, na yeye ndiye kijana wa kwanza. Mpenzi wake alikuwa fundi nywele kutoka Roi Et, huko Isaan kaskazini mashariki, mtoto wa wakulima wa mpunga. Wanakaa wote kwenye kondo, kila Jumapili wanaenda wote kula kwa mama, na mama anamuwekea yule kijana chakula kama anavyomuwekea mwanawe. Kila mtu alijua. Dada wa kazi alijua, dereva alijua, shangazi zake wote walijua. Ila hakuna aliyetamka, na mimi kwa yale niliyolishwa na ajenti nikaona kinachokosekana hapa ni mtu wa kutamka.

Ilikuwa muda mfupi baada ya 23 Januari 2025, ile siku ndoa za kwanza zilipoanza kusajiliwa, TV zote zinaonyesha wachumba wamejaa kwenye maduka makubwa ya Siam Paragon na maua na machozi ya furaha, na kusema kweli hata mimi nilifurahi sana kwa ajili yao. Tumekaa kwenye ile meza ya duara yenye sinia la kuzungusha katikati, kuna samaki mzima wa mvuke kamwagiwa ndimu na pilipili, kwenye kona sakafuni kile kibanda chao chekundu cha mzimu wa nyumba kinafuka ubani. Nikainua glasi. Nikasema kwa Kithai changu cha kuokoteza, hongereni, sasa mnaweza kuoana, na khun mae, yaani mama, umepata mkwe mzuri.

Hakuna aliyegomba, na afadhali wangegomba. Mama alitabasamu, akachukua kijiko, akabandua ile nyama laini ya shavu la samaki, akaniwekea mimi kwenye sahani, akaniuliza kama ndimu haijazidi. Baba akaongeza sauti ya TV. Golf alikuwa anakunja tishu, anaikunja tena, anaikunja tena mpaka ikawa kama punje. Yule kijana wa Roi Et ndiye alielewa wa kwanza, akaweka kijiko chini akasema ngoja akamsaidie dada vyombo, akaingia jikoni na hakutoka huko mpaka tunaaga.

Kilichofuata hakikuwa na kelele pia. Kondo ilikuwa na jina la mama. Mama hakumfukuza mtu yeyote, alisema tu anataka kuifanyia ukarabati. Gari la Golf lilikuwa la kampuni, kadi yake ya benki inalipwa na kampuni, mshahara wa ualimu alikuwa anaufanyia mambo madogo madogo tu, akajikuta amerudi kulala chumba chake cha utotoni, na Jumapili zikaanza kuwa za kwenda kula na familia nyingine yenye binti. Kijana wa watu akahamia chumba cha kupanga mtaa wa Lat Phrao, kitanda na feni basi. Mimi mkataba ulipoisha shule haikunipa mwingine, shangazi yake Golf alikuwa na hisa pale, na kule kazi ikikatika kibali na viza vinakatika navyo, nikahangaika kutafuta shule nyingine. Lakini mimi nilipata. Wao nyumba yao ndiyo ikawa imekwisha hivyo, na walikuwa wameishi humo vizuri kabisa kabla sijafika.

Ilichukua muda Golf kuongea na mimi tena, na ndiye aliyenieleza kitu ambacho hamna ajenti atakuambia. Mnaangalia kura za bunge za hiyo sheria ya ndoa: 27 Machi 2024 wabunge 400 dhidi ya 10, seneti 18 Juni 130 dhidi ya 4, mnasema basi nchi imekubali. Imekubali ndiyo, na mimi naipongeza, ya kwanza Asia ya Kusini Mashariki. Lakini hebu soma hiyo ndoa inampa mtu nini. Mali mnayochuma ndani ya ndoa ni yenu wote. Mmoja akifa mwenzake ni mrithi. Akilazwa, mwenzake ndiye anasaini. Kwa mwalimu wa shule ya serikali hiyo ni neema maana mwenzi wake anaingia kwenye matibabu ya serikali. Sasa wewe ni mama mwenye maduka na viwanja, mtoto wako wa kwanza anakaa na fundi nywele ambaye wazazi wake wanalima mpunga wa kukodi. Akiwa rafiki hana dai lolote, muache ale, muache alale hapo miaka yote. Siku mtu anasimama mezani kwako na kumuita mkwe, huyo ni mtu wa kuingia kwenye hati za viwanja. Mama wa Golf alikuwa amemkubali yule kijana kwa sharti kwamba asije akaitwa kitu chochote, na mimi nikamuita.

Ongeza na habari ya ukoo. Tangu sheria ya 1913 kila familia kule inatakiwa iwe na jina lake la ukoo lisilofanana na la wengine, na hao wa asili ya Kichina walijitungia marefu kweli kweli, ukilisikia unajua moja kwa moja hawa ni kina nani na wana duka gani. Kijana wa kwanza asipoacha mtoto wa kulibeba wazee hawalali. Na hiyo sheria mpya ilibadilisha "mume na mke" ikaweka wenzi, ila kwenye "baba na mama" haikugusa, wanaharakati walipigania na wakashindwa, kwa hiyo swali la mjukuu kwa bibi bado liko pale pale.

Usije ukafikiri basi matajiri ndio wabaya na maskini ndio wema, hapo utaharibu upande wa pili. Nilienda Roi Et na yule kijana wakati wa Songkran, mwaka mpya wao wa mwezi wa nne, basi kutoka stendi ya Mo Chit limejaa mpaka watu wamekalia mabegi. Kwao tulikaa kwenye mkeka, wali wa kunata kwenye vikapu, saladi ya papai bichi na ile samaki ya kuvundikwa ambayo harufu yake inakutangulia getini. Chini ya nyumba pamewekwa vigae, friji ya milango miwili, pikipiki ya mdogo wake, vyote vimetokana na mkasi wa saluni Bangkok. Mama yake ananivuta mkono ananipeleka kwa majirani, mwone mwanangu, mtoto wa shukrani. Shangazi zake wanamtania waziwazi habari za wanaume na anawajibu, mama mwenyewe akaniuliza kwa macho makavu yule tajiri wa Bangkok angetoa mahari shilingi ngapi. Ukiishia hapo unarudi unasema vijijini Thailand wamekubali kila kitu.

Lakini nyumba ya pili anakaa binamu yake, naye shoga vile vile, karudi kutoka mkoa wa Rayong baada ya kiwanda kumpunguza, hana cha kutuma wala cha kujengea. Huyo, shangazi hao hao wanamwambia ni karma, kwamba maisha yaliyopita alizini na mke wa mtu ndiyo maana kazaliwa hivyo, na akikaa kwenye mkeka hakuna anayemsogezea kikapu cha wali, anajinyoosha mwenyewe. Nilimwangalia chakula kizima. Hakuzidi miaka thelathini na alikuwa anakula harakaharaka kama mtu aliyekalia kiti cha mtu mwingine.

Na huyo kijana wa Roi Et, shujaa wa mkekani, akirudi mjini anakuta mlango mwingine umefungwa. Kabla ya saluni aliomba kazi za mapokezi hotelini wakamwambia sauti yake haifai, wakati kina Golf wenye digrii na jina refu la ukoo ofisini hakuna anayewauliza. Kwa waliobadili jinsia ndiyo balaa, utafiti wa Benki ya Dunia uliotoka 2018 ulikuta 77% ya waliohojiwa wanasema wamewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya hali yao. Hata jeshi linabagua kwa mfuko: wanaoendelea na sekondari ya juu wanaweza kumaliza yale mafunzo ya kijeshi ya miaka 3 wakasamehewa, aliyeacha shule akashika jembe anaenda kuchota karata mwezi wa nne, nyekundu unaenda jeshini, nyeusi unarudi nyumbani. Wale kathoey, ndivyo Wathai wanavyowaita waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, walikuwa wanaandikiwa kwenye cheti cha jeshi kwamba wana ugonjwa wa akili wa kudumu, cheti ambacho mwajiri anakidai, mpaka mahakama ya utawala ilipoingilia 2011. Upande mwingine kuna Anne Jakrajutatip, mfanyabiashara aliyebadili jinsia, kampuni yake ilinunua Miss Universe 2022 kwa dola milioni 20 na picha zake zikawa kila mahali. Watu wanamtaja huyo kama ushahidi kwamba mambo safi. Wakati muswada wa kumruhusu mtu abadilishe "Bwana" kuwa "Bibi" kwenye kitambulisho ulikataliwa bungeni Februari 2024.

Na wewe unaenda kuwa mwalimu, kwa hiyo hili lichukue pia: Desemba 1996 taasisi za Rajabhat, ambazo ndizo zilikuwa zinaandaa walimu, zilitangaza kuwazuia mashoga kusomea ualimu, zikarudi nyuma 1997 baada ya kelele. Walimu wenzako wenye umri wanaikumbuka vizuri. Ndiyo maana utakuta mtu anatembea na mpenzi wake soko zima mkono kwa mkono halafu mbele ya mkuu wa shule anakuambia ni binamu. Usimsahihishe!

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo kwenye nyumba yoyote kule jiulize hela ya nyumba hii inatoka kwa nani, na nani akikasirika nani anakosa pa kulala. Na mwenyewe atangulie siku zote. Akisema "rafiki yangu" na wewe sema rafiki yako. Akisema "mume wangu" mbele ya mama yake, basi hapo piga vigelegele mpaka majirani wasikie, maana zipo familia za namna hiyo, hata zenye hela, nimeona harusi ambayo wazazi wa pande zote mbili walikaa mbele wanafungwa uzi mweupe mikononi wanalia. Lakini hao walikuwa wameshalimaliza wenyewe ndani kwao, hawakusubiri mgeni mwenye keki.

Jumapili beba machungwa, kwa familia ya Kichina yanapokelewa vizuri, vua viatu mlangoni, wasalimie wazee kwanza kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, na sikiliza mama anamuitaje huyo kijana, umuite hivyo hivyo. Kula unachowekewa.

Kodi na viza sijakujibu najua, kuna watu humu wako Bangkok sasa hivi watakupa bei za leo. Wewe kwanza mtumie mwenzako meseji kwa Line, ile programu ya meseji wanayotumia kule, yeye peke yake, usije ukaandika kwenye grupu la walimu, umuulize kwao wanajua nini na angependa useme nini. Akishakujibu rudi hapa utuambie kasemaje.